Bango Lisilofanana na Mwenyewe

Mazungumzo ya leo yanahusu mabango ya picha, yale makubwa yanayotundikwa nyuma ya meza kuu siku ya kipaimara, komunio ya kwanza, sendofu, harusi, mahafali au jubilei ya mchungaji. Siku hizi shughuli isiyokuwa na bango inahesabiwa imepungukiwa, na mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na lile bango linalofunguliwa, watu wakapiga makofi, kisha shangazi mmoja akauliza kwa sauti ambayo yeye anaamini ni ya kunong'ona: "Huyu ndiye bwana harusi, au kaka yake?"

Uso umevutwa. Mashavu yamekimbilia pembeni, paji limebanwa, shingo imezama mabegani. Au kinyume chake, kijana wa watu amekonda na kurefuka mpaka mama yake anamwonea huruma. Fedha imeshalipwa, sherehe imeanza, na huko mjini bango lilikochapwa si mahali pa kwenda na kurudi mchana huohuo. Neno linalofuata mnalijua: "Mashine yao mbovu."

Nataka kuitetea mashine. Mabango mengi yaliyovurugika namna hiyo, mashine haina hatia kwayo, na hesabu ndogo inaonyesha hivyo. Mashine ya mabango husukuma fleksi, ile plastiki ya bango, mbele kwa rola, hatua kwa hatua, huku kichwa kinachorusha wino kikienda kushoto na kulia. Rola ikiwa haikupimwa vizuri, na kila hatua ikazidi kwa asilimia 1, bango la mita 3 litatoka na sentimita 3 za ziada. Hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo usoni mwa mtu. Lakini uso ulionenepa mara moja na nusu? Rola ikikosea kwa kiasi hicho, utaona michirizi mitupu isiyo na wino imekatiza picha yote, na hata mtoto angesema zimeni mashine. Kosa la ukubwa huo limefanywa na mkono wa mtu mbele ya kompyuta, kabla fleksi haijaguswa.

Sasa utajuaje kosa limetokea wapi? Kabla ya kubishana na mtu, chukua tepu, hata ile ya fundi cherehani, utafute kwenye bango kitu ambacho unajua ni cha mviringo na kilikuwa kinaitazama kamera: kifungo cha shati, saa ya ukutani, nembo ya shule au ya kanisa, hata duara jeusi la jicho kama mtu alifumbua macho vizuri. Sahani iliyolala mezani haifai, maana hiyo haionekani duara hata ukiitazama kwa macho yako. Pima upana, kisha pima kimo. Vipimo vikilingana, picha haikuvutwa, tafuta ugonjwa mwingine. Upana ukiwa sentimita 6 na kimo sentimita 4, umepata jibu pamoja na kiasi chake: picha imetanuliwa mara moja na nusu kuliko ilivyostahili. Tena umepata na dawa, kwa sababu hata kama picha ya asili imepotea, dizaina anaweza kuurudisha upana kwenye theluthi mbili na uso ukakaa sawa.

Halafu tazama kosa limekaa sehemu gani ya bango. Kama kila mtu amenenepa kwa kipimo kilekile, wa katikati na wa pembeni, basi picha nzima ilivutwa kwenye programu. Kama wa katikati wako salama na wa pembeni ndio walioharibika, hilo ni la lenzi, lilitokea siku ya kupiga picha. Kama sura ni sahihi lakini kingo za vitu zinaonekana mara mbili, au mstari ulionyooka umepata vingazi, hapo ndipo mashine iitwe shaurini. Na bango likiwa sahihi mezani ila likapotoka ukutani, aulizwe aliyelifunga kamba.

Tuanze na programu, kwa kuwa ndiyo inayotutesa zaidi.

Kamera ya simu, ikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, hutoa picha yenye uwiano wa 4 kwa 3. Kamera kubwa za wapiga picha wa harusi, nyingi hutoa 3 kwa 2. Sasa mteja anakuja na picha ya simu, pikseli 4,000 kwa 3,000, anataka bango la mita 2 kwa mita 1. Picha hiyo ukiipa upana wa mita 2, kimo chake cha haki ni mita moja na nusu. Bango lina mita moja tu. Ile nusu mita lazima itafutiwe pa kwenda. Dizaina mwenye subira ana njia mbili za heshima. Anaweza kukata, akaondoa theluthi moja ya kimo, yaani mawingu ya juu na majani ya chini, mradi asimguse mtu. Au ataipa picha kimo cha mita 1, nayo itachukua upana wa mita 1 na sentimita 33, kisha kwenye zile sentimita 67 zilizobaki ataandika majina, tarehe na mahali pa shughuli. Dizaina mwenye haraka ana njia ya tatu: anashika ukingo wa picha kwa kipanya na kuuvuta mpaka nafasi ijae. Hapo ndipo bwana harusi anapopewa mashavu ya mtu mwingine.

Na niseme jambo ambalo wenye stesheneri hawatalipenda. Nafasi tupu kwenye bango si aibu. Tumezoeshwa kuamini kwamba kila kona lazima ijazwe: njiwa wawili, mioyo, maua ya zambarau, pete zilizoshikana, na namba ya simu ya duka lenyewe kwa herufi kubwa kuliko jina la bibi harusi. Ni tamaa hiyo ya kujaza inayomfanya mtu avute uso. Mteja naye ana sehemu yake ya lawama, maana akiona rangi nyeupe imebaki pembeni anadai amepunjwa, fleksi yote ameilipia.

Lakini haraka na tamaa si sababu pekee. Kipo kisa cha kitufe kimoja, na vijana wengi wa kazi hii wamekutana nacho bila kujua kilikotoka. Kwa miaka mingi, aliyejifunza programu ya picha ya Photoshop alifundishwa jambo moja kabla ya mengine: ukitaka kukuza picha bila kuipotosha, vuta kona yake huku umebonyeza kitufe cha Shift. Usipobonyeza, picha itafuata mkono wako kokote uendako. Vidole vikazoea, kama vidole vinavyozoea. Oktoba 2018 kampuni ya Adobe ikatoa Photoshop CC 2019 na kuigeuza kanuni: sasa kuvuta kona bila kubonyeza chochote ndiko kunakolinda uwiano, na Shift ndiyo inayouvunja. Na ili watu wachanganyikiwe vizuri, toleo lile la kwanza lilitumia kanuni mpya kwa picha na maandishi, likayaacha maumbo yaliyochorwa yaendelee na kanuni ya zamani. Ni katika toleo la mwaka uliofuata ndipo vyote vikafuata sheria moja.

Mfikirie kijana aliyejifunzia kazi kwenye kompyuta yenye Photoshop CS6, toleo la mwaka 2012, ambalo hadi leo lina watumiaji wake kwenye kompyuta kuukuu zisizoweza kubeba matoleo mapya. Anapata kazi duka jingine lenye toleo jipya. Kidole kinakwenda kwenye Shift chenyewe, kwa nia njema kabisa, na nia hiyo njema ndiyo inayovunja picha. Mambo hayaishii hapo. Kwenye CorelDRAW, programu inayopendwa sana na mafundi wa mabango, kuvuta kona hulinda uwiano na kuvuta ubavu huuvunja. Kwenye Illustrator, ndugu yake Photoshop mwenyewe, kuvuta kona bila Shift huuvunja. Mtu mmoja anafungua programu tatu kwa asubuhi moja, kila moja na sheria yake, na kidole ni kilekile. Kwa hiyo ninapomlaumu dizaina, nusu ya lawama naituma Marekani kwa waliobadili kanuni ambayo watu walishazeeka nayo.

Dawa ni kuacha kuamini vidole na kuanza kusoma namba. Unapokuza picha kwenye Photoshop, juu ya skrini hutokea asilimia mbili, moja ya upana na moja ya kimo, na katikati yake kuna alama ya mnyororo. CorelDRAW nayo huzionyesha kwenye mstari wake wa juu. Ukisoma 180 na 180, endelea. Ukisoma 180 na 120, simama, hapo umemharibu mtu. Na anayeona kanuni mpya inamshinda, kwenye mipangilio ya Photoshop ipo sehemu ya kurudisha tabia ya zamani. Cha maana ni duka zima kukubaliana kanuni moja kwenye kompyuta zote, badala ya kila meza na desturi yake.

Kuna upotofu mwingine wa kompyuta ambao si wa kila siku, ila unapotokea unauma, kwa sababu mara nyingi humkuta mtu aliyefiwa. Familia haina picha nzuri ya marehemu. Wanachokuwa nacho ni DVD ya harusi ya zamani ambamo mzee yule alisimama kutoa nasaha, amevaa koti lake, amecheka. Kijana anasimamisha video, anachukua fremu moja, anaipeleka ikachapwe kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Inatoka, na mzee amekonda.

Hakuna aliyevuta kitu. Video za zamani za mfumo wa PAL, ndio uliotumika kwetu, huhifadhi kila fremu kwa pikseli 720 kwa 576. Ukigawanya unapata 1.25. Lakini televisheni iliionyesha fremu hiyo kwa uwiano wa 4 kwa 3, yaani 1.33, au kwa skrini pana ya 16 kwa 9, yaani karibu 1.78. Maana yake pikseli zile hazikuwa za mraba, na televisheni ilijua kuzitanua. Mashine ya mabango haijui. Yenyewe huhesabu kila pikseli kuwa mraba. Video ikiwa ya 4 kwa 3, uso hupungua upana kwa asilimia 6 hivi, nao watu husema tu "picha haijamtoa vizuri". Ikiwa ya skrini pana, hupungua kwa asilimia 30, na hapo hata mjukuu atashangaa. Ubaya ni kwamba Photoshop ina uwezo wa kuonyesha pikseli za namna hiyo zikiwa zimeshatanuliwa kwenye skrini, hivyo dizaina anaona uso sahihi kabisa, anatuma kazi, na kinachotoka ni kingine. Fremu ya 4 kwa 3 igeuzwe kwanza iwe pikseli 768 kwa 576, na ya skrini pana iwe 1,024 kwa 576, ndipo kazi nyingine zifuate.

Tuje kwa lenzi. Simu nyingi za sasa zina lenzi pana sana, ile inayoandikwa 0.5 kwenye skrini. Inasaidia ukiwa ndani ya chumba kidogo na ukoo mzima unataka kuingia kwenye picha. Lakini lenzi pana ina tabia ya kuvuta vilivyoko pembeni kwenda nje. Mjomba aliyesimama mwisho wa mstari anatoka na bega la mtu wa mieleka, na kichwa kimelalia upande. Kwenye skrini ya simu kosa hilo hamlioni sana. Mkiikuza picha kufika mita 3, mjomba ataliona, na atakuwa na haki ya kulalamika. Kuna watu wanaokimbilia kwenye kichujio cha kunyoosha lenzi ndani ya Photoshop. Kichujio hicho hunyoosha nguzo na kuta zilizopinda, ni kweli, lakini kwa kunyoosha kuta huzidi kuzitanua nyuso za pembeni. Kinafaa picha ya jengo la kanisa. Kwa picha ya kwaya, anayepiga arudi nyuma hatua kadhaa, atumie lenzi ya kawaida au ya mara 2, na mstari wa watu uwe na kina, wawili au watatu nyuma ya wenzao, kuliko kutandazwa kama uzio. Uzuri wa wilaya yetu ya Hanang, nafasi ya kurudi nyuma ipo, hatubanani.

Vilevile picha ya uso mmoja isipigwe kwa kuisogeza simu karibu na pua. Ukisogea sana, pua hukua na masikio hurudi nyuma, na hakuna programu itakayoyarudisha kwa uaminifu.

Sasa hili la WhatsApp, ambalo watu hulichanganya na kuvutika. Bango linatoka na vijiraba usoni, kingo za nywele zimemegeka, mteja anasema picha imepinda. Haikupinda, imekosa pikseli. Picha uliyopiga ina pikseli 4,000 kwa upana. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa mpaka upande mrefu ubaki na kama 1,600. Itandaze kwenye mita 2: kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 1.25, wakati ile ya asili ingekuwa nusu milimita. Jicho zima, lisilo na tatizo, kwa umbali wa mita 1 hutenganisha vitu vilivyoachana kama milimita 0.3. Ukifanya hesabu, vile vijiraba vya milimita 1.25 huanza kupotea machoni ukiwa umbali wa mita 4 na kidogo. Kwa hiyo bango lililo juu ya jukwaa, likitazamwa kutoka viti vya nyuma, litavumilika. Ambalo halitavumilika ni lile la mlangoni, ambalo kila mgeni anasimama mbele yake kupiga selfi.

Tangu Agosti 2023 WhatsApp ina chaguo la ubora wa juu, ni nafuu. Njia iliyo bora zaidi ni kutuma picha kama dokyumenti, ile alama ya karatasi, nayo hufika kama ilivyotoka kwenye kamera. Najua mtandao wa vijijini, najua na bei ya bando. Lakini picha moja ya megabaiti nne au tano ni nafuu kuliko kuchapa bango mara ya pili, na kama mtandao umegoma, kadi ya memori ndani ya bahasha akipewa mtu anayekwenda Katesh itafika.

Baadhi ya maduka sasa hutumia programu za akili bandia kukuza picha ndogo. Uso unatoka safi, laini, kila kope mahali pake. Tahadhari yangu ni hii: programu ile hairudishi kilichopotea, inabuni. Inaweka jicho linalofanana na macho iliyowahi kuyaona kwingine. Kwa mti, kwa nyasi, kwa kitambaa cha suti, sawa. Kwa uso wa marehemu, mimi nakataa. Heri picha yenye vijiraba ya baba yako kuliko picha safi ya mtu usiyemjua. Kama picha ni ndogo, bango liwe dogo.

Kwa sababu hiyohiyo, picha za asili zitunzwe zaidi ya mahali pamoja. Wilaya yetu inajua kwa nini. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Nyumba ikisombwa, albamu haibaki. Piga picha zile za karatasi zilizoko ndani, kwa mwanga mzuri wa dirishani, simu ikiwa sambamba na karatasi ili pembe zisipotoke, kisha mtumie kama dokyumenti ndugu aliyeko mkoa mwingine akuhifadhie.

Kwa mabango makubwa kupita kiasi, ya barabarani au ya uwanja wa mikutano kama yale tuliyoyaona kwenye kampeni za uchaguzi wa Oktoba 2025, kuna mtego mwingine, na huu nitaupita haraka kwa kuwa ni wa mafundi. Ukurasa wa PDF kwa kawaida huishia inchi 200 kila upande, yaani mita 5 na sentimita 8. Faili la kawaida la Photoshop huishia pikseli 30,000 kila upande. Bango la mita 6 kwa mita 1 na nusu, basi, huchorwa kwa kipimo cha moja ya kumi, sentimita 60 kwa 15, na programu ya mashine huambiwa ikuze mara 10. Hapo ndipo mwendesha mashine anapoandika upana mpya, akasahau kwamba alama ya kulinda uwiano imezimwa, na kimo kikabaki kilivyo au kikabadilishwa kwa kukisia. Dizaina alifanya kazi safi, imeharibika mita mbili kutoka mezani kwake. Kipimo kiandikwe ndani ya jina la faili lenyewe, upana kwanza, kimo pili, na neno "mara 10", ili asiwepo wa kukisia. Na asiwepo wa kuchanganya futi na mita, maana hilo nalo lina wahanga wake.

Nilisema nitaitetea mashine, lakini sikusema ni malaika. Makosa yake ni ya aina nyingine. Kichwa cha wino kikichapa kinapokwenda na kinaporudi, safari hizo mbili zisipolingana, kila herufi hupata kivuli chake. Fleksi ikiingizwa upande, inatembea kwa mshazari, na bango linatoka limeinama. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mahali iliposimama hubaki mstari. Duka lisilokuwa na betri ya kushikilia umeme angalau kwa kazi iliyoko kwenye mashine linacheza na fedha za watu. Na ile asilimia 1 ya rola, isiyoonekana kwenye bango moja, inakuja kuonekana bango linapounganishwa kwa vipande viwili: kipande kimoja kimechapwa asubuhi rola ikiwa baridi, kingine mchana fleksi ikiwa imepata joto na kuvutika, vikikutanishwa mdomo wa mtu unapishana kwa sentimita 2 au 3. Vipande vya bango moja vichapwe mfululizo, kwa gombo moja la fleksi, kwa mwelekeo mmoja, na kiungio kisipite kamwe usoni.

Rangi sitaigusa leo. Ngozi zetu kutoka kijivu au nyekundu ni kipindi kizima.

Limebaki la kutundika. Fleksi ni wavu wa nyuzi uliopakwa plastiki. Juani hulainika na kuvutika. Wazee wa hapa wanaojua kuwamba ngozi ya ng'ombe hawahitaji maelezo: kigingi kimoja kikivutwa kuliko vingine, ngozi hukauka imepinda kuelekea kigingi hicho. Bango lililofungwa kamba nne za pembeni tu, kila mtu akavuta kwa nguvu zake, hufanya vilevile, na kwa upepo wa kwetu, kufika saa nane mchana uso umeshakunjamana kutoka sikio hadi kidevu. Lishoneshe mfuko juu na chini, pitisha mti ulionyooka au bomba, vuta kwa usawa. Gharama yake ni ndogo, na fundi cherehani yeyote mwenye sindano nene ataweza.

Sasa hoja ya nani alipe bango likiharibika. Duka husema: "Si tulikutumia sampuli ukathibitisha?" Na ni kweli mteja alithibitisha. Lakini angalia anavyokagua. Anasoma majina herufi kwa herufi, anahakikisha tarehe, anahesabu kama kamati yote imetajwa. Uso wake hautazami, kwa sababu anaujua, ubongo unamjazia. Na dizaina naye ametazama picha ile kutwa nzima mpaka macho yamekubali upotofu. Kwa hiyo sampuli ipelekwe kwa mtu wa tatu anayemfahamu mhusika lakini hayumo kwenye shughuli, aulizwe swali moja tu: huyu ni nani, na yuko sawa? Na maoni yangu kuhusu fidia ni haya: jina likikosewa baada ya mteja kuthibitisha, mteja abebe mzigo wake. Uso ukivutwa, duka lichape upya kwa gharama yake, kwa sababu kulinda uwiano ni ufundi unaouzwa, na mteja alilipia ufundi.

Wewe uliyeko Getanuwas wilayani Hanang unayejiandaa na shughuli, nakuomba ufanye hivi. Kabla hujamalizia malipo, mwombe dizaina akusomee namba nne: upana na kimo cha picha ya asili baada ya kukatwa, na upana na kimo cha hiyo picha jinsi ilivyokaa ndani ya bango. Toa simu yako, fungua kikokotoo, gawanya upana kwa kimo mara mbili. Majibu yakilingana, lipa na ushukuru. Yasipolingana, usiache hata shilingi mezani mpaka yalingane.